Sutien Namba Tisini

Wengine wanaiita sidiria. Sisi hapa Kisangani tunasema sutien, na kwa jina lolote lile, mwaka huu kitu hicho kilinitesa Kwaresima nzima. Nasema kunitesa, na sijatia chumvi.

Mimi ni maestro wa kwaya ya parokia yetu. Kazi yangu ni mikono. Sauti yangu ni ya kawaida na kinanda sijui kupiga, lakini nikiinua mikono miwili juu ya kichwa, watu wote wanavuta pumzi pamoja, na nikiishusha wanaingia pamoja. Hakuna jambo lingine ninalolifanya vizuri hivyo. Kwa hiyo sutien yangu ya zamani ilipokatika mkanda, siku chache baada ya Jumatano ya Majivu, sikuwa natafuta urembo. Nilitaka kitu cha kunishika nikiinua mikono, na nilikitaka kabla ya Pasaka. Kwaresima yote hatuimbi Gloria, ule wimbo wa utukufu, na ikirudi, kwetu inarudi na ngoma na makofi, watu wanacheza mpaka viti vya nyuma. Hiyo si Gloria ya kuongoza kwa vidole.

Namba yangu niliijua kama jina langu la ubatizo: tisini. Tangu usichana nimevaa tisini, zote za mitumba kutoka Ulaya. Safari hii nikasema nijipe heshima, ninunue mpya. Nikaenda kwenye duka la mama mmoja wa Butembo, karibu na soko kuu, nikamwomba tisini. Akashusha boksi, akanipa moja nyeupe, bado iko kwenye plastiki. Kwenye etiketi iliandikwa 40/90. Hiyo arobaini sikuijua wala sikuiuliza, macho yangu yalikuwa kwa tisini. Kujaribu hakuruhusiwi pale. Ukifungua plastiki, ni yako. Nyumbani nikaivaa, nikasimama mbele ya kioo, nikaona imekaa vizuri. Ubaya wa sutien ni huo. Ukisimama kama sanamu ya mtakatifu, zote zinakaa vizuri.

Alhamisi kwenye mazoezi niliinua mikono, na mkanda wa chini ukapanda nao. Ulianza mgongoni, ukaja mbele, ukavuka matiti na kukaa juu yake, na matiti yenyewe yakabaki huru chini, kila moja na safari yake. Tenor na bass, wote wanaume, walikuwa wananiangalia usoni kama nilivyowafundisha. Nilishusha mikono katikati ya wimbo, nikajifanya natafuta leso. Bass waliendelea mpaka mwisho wa mstari bila kujua kwamba wenzao wameshanyamaza.

Kuanzia siku hiyo niliongoza viwiko vikiwa vimebana mbavu. Ukiongoza hivyo kwaya inasinzia. Wimbo unaanza kwa nguvu, unashuka kidogo, unashuka tena, na mwishoni soprano wanaimba mahali pa alto. Nilikuwa nawasikia wanashuka, najua dawa yake ni mikono tu, na mikono siwezi kuiinua. Nilirudi nyumbani na hasira ya kupiga sufuria.

Kila mwanamke niliyemweleza alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nikaze kamba za mabegani. Nikakaza mpaka zikanichora mistari, na mkanda wa nyuma ukapanda zaidi. Mwingine alisema nipunguze mkanda kwa pini. Pini ilifunguka mgongoni mwangu Jumapili, katikati ya misa, na adhabu ya kaburi aijua maiti. Basi nikarudi dukani. Yule mama wa Butembo alinisikiliza huku anapanga maboksi yake, hakuonyesha ubaya wowote.

“Mama, uliomba tisini, nilikupatia tisini,” aliniambia. “Namba haiko na kosa. Angalia mwili yako.”

Nami nikauangalia. Nikaamini nimekonda bila kujua. Nikala lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki mchana, nikala tena jioni, hadi mume wangu akaniuliza kwa upole kama nina mimba. Nilinenepa tumbo. Mgongo ulibaki ulivyokuwa.

Wakati huo kwaya nayo ilikuwa imeona mikono haipandi, ikajipa jibu lake: maestro ana ugonjwa wa bega. Rais wa kwaya, mama mmoja mtu mzima anayenipenda kweli, aliniletea mafuta ya kuchulia. Wakaniombea kabla ya mazoezi, wote wamesimama, wamenyoosha mikono kuelekea bega langu la kulia. Ningesema nini? Nisimame mbele ya wanaume wale niwaambie bega ni zima, ombeeni sutien? Nikasema amina. Na mpiga kinanda wetu, mwanaume mpole asiyependa kuona mtu anateseka, akaanza kunisaidia bila kuombwa. Kila sauti ilipokaribia kuingia, aliigeukia na kuiashiria kwa kichwa: soprano, kichwa, tenor, kichwa. Nilimshukuru. Nilimwambia ni kwa muda tu, mpaka nipone.

Kisha siku moja nilikuwa napekua mitumba sokoni, kwenye meza ya papa mmoja, mzee mwenye mvi ambaye huuza sutien tu na hana aibu nazo hata kidogo. Nilishika moja ambayo chuma chake kilikuwa kimetoka nje, nikaigeuza kwa hasira, nikaona etiketi yake. Zangu zote za zamani nilikata etiketi siku nyingi, kwa sababu zinawasha. Hii ilikuwa nzima, na iliandikwa kwa mstari mmoja: F 90, EU 75, GB 34. Nilisoma, nikasoma tena. Nguo moja, namba tatu. Tisini ya Mfaransa ndiyo sabini na tano ya wengine, na hao wengine wana tisini yao, ya mgongo mpana kuliko wangu kwa mbali. Ile ya dukani ilikuwa tisini ya hao. Mwili wangu haukuwa umebadilika chochote.

Nilikasirika palepale, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mtu wa kuiangukia. Mama wa duka alinipa nilichoomba. Mimi niliomba nilichokijua. Sisi tunahesabu kwa Kifaransa, mzigo unashonwa China unapitia Uganda, na katikati ya hesabu zao kimewekwa kifua changu. Nilikuwa nimemeza lituma wiki nzima na kuombewa bega kwa sababu ya namba.

Nikadhani shida imekwisha. Nikarudi dukani, nikaomba 34/75. Mama wa Butembo aliniangalia kifua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Hii iko ya batoto, mama. Ya première communion, ile komunyo ya kwanza.”

Nikamwambia anipe tu. Nyuma ilinishika kama nilivyokuwa naota. Mbele ilichukua nusu, nusu nyingine ikamwagika juu, nikawa mwanamke mwenye matiti manne. Nilizunguka maduka mengine na jibu lilikuwa lile lile. Inaonekana waliozishona walikaa wakakubaliana kwamba mwenye mgongo mwembamba hana ruhusa ya kuwa na matiti makubwa, na mwenye matiti makubwa lazima awe na mgongo mpana kama mlango. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nililia kidogo nyuma ya pikipiki, na mwenye pikipiki akafikiri nimefiwa, akanipa pole.

Aliyeniokoa, kama huko ni kuokolewa, ni papa wa mitumba. Nilikuwa nampitia kila asubuhi, kwa hiyo Juma Kuu, siku chache kabla ya Pasaka, aliponiona tu alivuta moja kutoka chini ya meza. Ilikuwa na rangi ya chai iliyokaa sana, kamba pana kama za mkoba wa shule, sura mbaya kabisa. Wauzaji wawili wa kike walinishikia kikwembe, kitenge kipana, kama pazia, nikaivaa humo ndani, nikainua mikono. Haikusogea. Nikaongoza Gloria yote kimyakimya nyuma ya kikwembe, na ngoma zake, na sehemu ya kuruka. Haikusogea hata kidogo. Mmoja wa wale wanawake aliuliza kama nasali, nikamwambia ndiyo.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Padri alianzisha Gloria, ngoma zikalia, nami nikainua mikono juu kabisa, juu ya kichwa, kama zamani. Mwili ulitulia. Furaha niliyoisikia ilikuwa kubwa, karibu nicheke. Nikawapa soprano nafasi yao ya kuingia, na soprano walikuwa wanaangalia kushoto, kwa mpiga kinanda. Aliwaashiria kwa kichwa, wakaingia. Nikawageukia tenor. Nao macho yao yalikuwa kushoto. Waliingia pamoja, safi, hakuna aliyeshuka. Nilipunga mikono Gloria nzima, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu walioimba vizuri kuliko walivyowahi kuimba, na hakuna hata mmoja aliyeniangalia.

Baada ya misa rais wa kwaya alinivuta pembeni. Alinishika lile bega la kulia, taratibu, akauliza kama limepona. Nikamwambia limepona. Akamshukuru Mungu, halafu akasogea karibu asisikiwe na wengine.

“Mama maestro, leo mikono ilikuwa mingi. Karibu itupoteze. Siku ingine uipunguze.”

Nilimwambia sawa, mama.