Kumi na Mbili za Kwetu

Nikipita soko la mifugo hapa Nizwa asubuhi ya Ijumaa, mbuzi na kelele zao hazinishughulishi. Kinachonishika ni harufu ya majani mabichi ya kulishia mifugo, yale yanayoshushwa matita matita na umande wake haujakauka. Ikinifika puani tu, kifundo cha mkono wangu wa kushoto huanza kuniwasha, na mara nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nina kopo la visheti kwapani na jambo rohoni nisiloweza kumwambia mtu. Waliomo nyumbani kwangu wamechoka kuisikia habari hii, basi nakupeni nyinyi.

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa baridi. Tulikaa kijiji kimoja cha upande wa Mudhaibi, kwa kuwa Baba alipangiwa kazi ya serikali huko. Tulikaa na Bibi, mama wa baba yangu, aliyezaliwa Unguja na kuja Oman mtu mzima. Kiarabu alikijua, lakini alikitumia kama vyombo vya kuazima, kwa uangalifu na kwa shida tu. Ndani ya nyumba yake ilikuwa Kiswahili, na mjukuu akimjibu kwa Kiarabu, Bibi alijifanya hamsikii.

Bibi alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Zuwena. Huyu aliolewa na mtu wa Bujumbura, akachukuliwa bara akiwa msichana ambaye hata kujisuka hajui, Bibi ndiye aliyekuwa akimsuka. Tangu siku ile dada wawili hawa hawakuonana. Zaidi ya miaka thelathini. Barua zilikuja, kisha zikawa haziji. Mambo yalipochafuka Burundi, mtoto wake wa kiume akamleta Oman, akakaa naye Sur, na alifika hali yake si nzuri. Baba, aliyekuwa Maskati kwa mafunzo ya kazi na gari yetu akiwa nayo huko, aliahidi akirudi atatupeleka Sur. Bibi alikuwa akihesabu siku.

Jumatano magharibi simu ikalia. Bibi yuko juu ya mswala, Mama yuko chumbani hajamaliza arubaini ya uzazi wa mdogo wangu, basi nikapokea mimi. Alikuwa mtoto wa Bibi Zuwena. Alizungumza Kiarabu, haraka haraka: mama yake amezidiwa, wanampeleka Bombay kwa matibabu, usiku huu wanalala Ibra kwa wakwe zake, kesho wanakwenda kiwanja cha ndege. Kama dada yake anataka kumwona basi aje Ibra, wataondoka ithnaashar. Nikasema naam. Nikasema tena naam, na simu ikakatika.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ithnaashar ni kumi na mbili, hilo mtoto yeyote anajua. Bibi alipotoa salamu nikamweleza kila kitu, neno kwa neno, nikijiona hodari wa kutafsiri. Wanaondoka Ibra kesho saa kumi na mbili, nikamwambia, na ni ya jioni, maana alfajiri tusingewahi.

Bibi akakunja uso. "Magharibi ndiyo wanaanza safari na mgonjwa? Watu wa siku hizi."

Lakini uso ulimfunguka hapo hapo, maana alishapiga hesabu yake: akifika Ibra asubuhi, atakaa na mdogo wake kutwa nzima. Akaingia jikoni akakaanga visheti, akajaza kopo zima la maziwa ya unga. Zuwena akivipenda sana, alisema, na akarudia kusema.

Asubuhi ya Alhamisi, siku isiyo ya skuli, jirani yetu alitupakia kwenye pikapu yake. Ilikuwa saa moja, jua ndiyo kwanza linatoka. Hatukufika hata nusu ya njia, pikapu ikakohoa mara mbili na kuzima. Jirani alifungua boneti akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba itabidi angoje mtu wa kumvuta, labda adhuhuri. Bibi aliteremka, akajifunga kanga kiunoni juu ya baibui, akavuta shali ya sufi mpaka masikioni.

"Ibra haijahama," alisema. "Twende kwa miguu. Tuna kutwa."

Baridi ilikuwa ya kuuma pua. Bibi alikuwa amevaa soksi za Baba ndani ya makubadhi, na magoti yake, ambayo kila usiku mimi ndiye niliyekuwa nikiyasugua dawa, yalikuwa yakilia kila hatua. Hakuwa na haraka. Kila penye mti wa miba wenye kivuli, ingawa kivuli chenyewe hatukukihitaji, alikaa chini akanisimulia mambo ya Zuwena: alivyokuwa mwoga wa kuchanwa, alivyokuwa akilia kabla hata kitana hakijamgusa. Tukapita kijiji cha kwanza, ukuta wa udongo na mitende na moshi wa kuni. Wanawake wawili walitutazama wakatupa salamu, wakatuuliza tunakwenda wapi. Ibra. Wakatazamana.

Gari tatu zilisimama asubuhi ile. Nazikumbuka moja moja, na nitazikumbuka mpaka nife. Ya kwanza nyeupe, ya pili nyeupe, ya tatu Land Cruiser ya rangi ya mchanga, na kila mwenye gari alitaka kutufikisha Ibra bila ya kutaka chochote. Bibi aliwashukuru wote watatu na kuwakatalia wote watatu. Alikuwa na sheria yake, kwamba hapandi gari ya mwanamme asiyemjua kwao wala baba yake. Siku nyingine ningekasirika, lakini siku ile nilifurahia ile safari na kulitikisa kopo nisikie visheti vinagonga.

Tukafika penye pampu ya petroli. Bibi akakaa juu ya kreti la soda mlangoni pa duka, akanituma maji. Ndani alikuwako Mhindi mmoja, kijana, na nyuma yake saa kubwa ya ukutani. Nikamwuliza kwa Kiarabu, kutoka hapa mpaka Ibra kwa miguu ni muda gani. Alicheka kidogo, akamtazama Bibi mlangoni, akaona kumbe sifanyi mzaha.

"Ibra mbali," alisema kwa Kiarabu chake cha kuokota. "Mkienda mbio mbio, labda mfike ithnaashar." Na akaweka kidole juu ya saa, pale juu kabisa.

Nikakitazama kile kidole. Skuli nilifundishwa saa kwa Kiarabu, nyumbani nilifundishwa kwa Kiswahili, na wallahi mpaka dakika ile haikunipitikia akilini kwamba ni saa ile ile moja. Kidole kilikuwa juu ya adhuhuri. Ithnaashar yao ni saa sita yetu ya mchana. Yule mtu wa kwenye simu alisema adhuhuri, na mimi nilikuwa nimempa Bibi mpaka magharibi. Mshale mdogo ulikuwa unakaribia kumi yao, yaani saa nne yetu. Zilibaki saa mbili na kidogo.

Niliogopa. Nilitaka kumwambia, naapa nilitaka, nilitoka na chupa ya maji na maneno nikiwa nimeyapanga. Nikamkuta Bibi ameshasimama. Nikaona ile shali, zile soksi za Baba, nikakumbuka zile gari tatu, na maneno yakarudi chini. Nikamshika mkono nikasema tu, "Bibi, twende upesi, nasikia baridi."

"Twende," alisema.

Kuanzia hapo sikuangalia kitu isipokuwa kivuli changu. Bibi mwenyewe alinifundisha kwamba kivuli kikifupika mpaka kikaacha kufupika, adhuhuri imekaribia, na kivuli kile nilikiona kinarudi miguuni kwangu hatua kwa hatua. Nikawa nashindana nacho. Nilikuwa nimeushika mkono wa Bibi na sikuuachia. Kijiji cha pili tulikipita katikati, vijana wanacheza mpira, mbwa wawili wakatufuata wakibweka. Bibi ni mtu ambaye kwa mbwa mmoja angezunguka shamba zima, lakini siku ile aliwapita hata hakugeuza shingo. Miti ya miba ilikuwapo njia nzima, yenye vivuli vizuri, na hakukaa chini ya hata mmoja. Alikuwa akihema kwa mdomo. Nikajisemea kwamba baridi na yeye imemshika, na nikashukuru.

Halafu tukasikia gari nyuma yetu. Pikapu ya shamba, mzee mmoja na mkewe na watoto wamejaa mbele, na nyuma majani ya mifugo yamepandana. Haikuwa na dalili ya kusimama. Bibi ndiye aliyeingia barabarani akanyanyua mkono, Bibi yangu, na akazungumza Kiarabu kilichonyooka ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Ibra, mwanangu, kwa radhi za wazee wako," akamwambia yule mzee, ambaye hakuwa mwanawe kwa umri hata kidogo.

Tukapandishwa nyuma juu ya majani. Yalikuwa mabichi, ya baridi, umande ukaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Nilidhani magoti yamemshinda, ndiyo maana akavunja sheria yake. Alikaa, macho yako mbele, na mkono wangu bado uko mkononi mwake. Mimi nilikuwa nikiomba kimoyomoyo adhana isilie. Mzee alituteremsha mwanzo wa mji, yeye anakata kushoto kwenda shambani kwake, na hapo hapo, kabla miguu yangu haijashika ardhi vizuri, adhana ya adhuhuri ikaanza.

Tulikimbia. Nakwambieni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti yale, alikimbia katika vichochoro vya Ibra na baibui kalishika mkononi. Tulipopinda kona ya nyumba ya wakwe, tuliyoelekezwa na watu njiani, gari ilikuwa mlangoni, injini inanguruma, mizigo imeshafungwa. Yule mtoto wake alikuwa nje anatazama saa yake. Alisema kwa Kiarabu, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba alituambia ithnaashar, kwamba ndege haimngoji mtu, na kwamba mama yake amekataa kuondoka, ndiyo maana bado wapo.

Bibi Zuwena alikuwa kiti cha nyuma, amezungukwa na mito, mdogo sana. Alitoa mkono dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Zuwena. Marahaba."

Wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nalia na kopo langu kifuani, na nilijua swali linalokuja.

"Mbona umechelewa hivi, dada? Tangu alfajiri nakungoja."

Kila mtu akamtazama Bibi. Mimi nilitazama chini.

"Kosa langu," alisema Bibi. "Nimeambiwa kumi na mbili, nikahesabu za kwetu."

Bibi Zuwena alicheka mpaka akakohoa. Alisema na yeye vile vile, Bujumbura kote miaka yote saa ni za kwetu, hapa kila siku wanamchanganya. Kisha akaingiza vidole chini ya shali ya Bibi, akagusa nywele zake, akamwuliza nani anayemsuka siku hizi. Bibi akanichukulia kopo mkononi, akampa. Gari ikaondoka, na sidhani kama zilitimia dakika tano.

Bibi Zuwena hakurudi. Alifia Bombay, akazikwa huko huko. Jioni ya siku ile Mama aliniogesha akaniuliza kifundo cha mkono kimefanya nini, mbona chekundu hivi na kimevimba. Nikamjibu kwamba nilikuwa namvuta Bibi njia nzima, na niliamini hivyo.

Nilikaa na jambo lile miaka kumi na zaidi. Kila mtu wa ukoo akiieleza hadithi ya Bibi na saa zake, watu wakicheka na yeye akicheka, nilikuwa natoka nje. Nilipokuwa naposwa ndipo liliponishinda. Bibi alikuwa kitandani, magoti yamemlaza kabisa, na mimi namsugua dawa kama zamani. Nikamwambia yote: simu, ithnaashar, kidole cha Mhindi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa mlangoni. Mimi kiziwi?"

Dawa ikanimwagikia mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakunikasirikia.

"Nilikasirika. Kutoka pale petroli mpaka Ibra nilikuwa na hamu ya kukupiga. Lakini nikikwambia utalia, na wewe ukilia hutembei. Mimi nilikuwa nataka kufika." Akanisogezea mguu wa pili. "Goti la kushoto hujaligusa."

Nikalisugua goti la kushoto. Nilikuwa nautazama mkono wake juu ya shuka, vile vidole virefu, na kifundo changu kikaanza kuniwasha. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta.