Sanduku la Taa za Kucha

Mama aliniambia sura ya mama yake imeanza kumtoka. Akimkumbuka, anaona kanga na mwendo tu, uso haupo. Picha ya marehemu bibi ilikuwa moja, ndogo, imeliwa na mchwa pembeni, nami kwa kiherehere changu nikaahidi kumchapia kubwa ya buluu, ile ya kupaka dawa kwenye karatasi na kuianika juani.

Nilisahau kwamba ilikuwa masika, na masika huku kwetu Mkunya jua huchungulia tu na kuaga. Nililaza juu ya karatasi plastiki angavu niliyochapiwa picha hiyo stesheneri, nikaianika kutwa nzima, nikapata kivuli cha kidevu.

Nikashuka Masasi. Mwenye saluni mmoja pale Mkomaindo akaniuzia taa nne kuukuu za kukaushia rangi ya kucha, maana mionzi yake ni ya aina ileile inayoivisha dawa yangu. Nikazifunga ndani ya sanduku la mbao nililolivika foili, nikajiona nimelishinda wingu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Asubuhi walikuja majirani wawili, wakanipa shikamoo kwa adabu isiyo ya kawaida, kisha wakanyoosha mikono. Nikawaeleza kuwa huu ni mtambo wa picha. Wakavitazama vidole vyangu, buluu mpaka kwenye kucha, wakasema sawa, ila wao wangependa nyekundu.

Walipoondoka nikawasha taa. Baada ya dakika ishirini niliiosha karatasi kwenye beseni, na bibi akatokea, amegeuza uso kidogo, kipini puani. Nilimpelekea mama picha hiyo, kichwa kimenivimba.

Mama aliitazama sana, akairudisha mezani.

"Huyu si mama. Kipini cha mama kilikuwa kushoto."

Kumbe ile plastiki ya stesheneri nilikuwa nimeilaza kinyume juu ya karatasi, kushoto kukawa kulia. Na balaa lenyewe, bibi alikuwa na pacha, na pacha huyo kipini alikivaa kulia. Watu waliwatofautisha kwa hicho tu. Waligombea mkorosho wa mpakani mwa mashamba yao, wakanuniana hadi kila mmoja akazikwa na kinyongo chake. Miaka yote hiyo mama, tangu akiwa binti mdogo, ndiye aliyetumwa kupeleka maneno makali huku na kurudi na makali zaidi. Niliona haya hata chai sikumaliza.

Nikachapa upya, plastiki upande wake. Safari hii mama aliipokea kwa mikono miwili, akalia bila kujificha.

"Ndiye," akasema.

Nikaichukua ile ya kwanza niichane. Akanichapa kibao cha mkono, akainyang'anya. Akazigongomelea zote mbili ukutani, nyuso zikielekeana, akarudi nyuma hatua mbili kuzitazama.

"Haya, semezaneni wenyewe," akawaambia. "Mimi nimechoka kutumwa."