Gari betri imekufa, milango imefungwa, na meno ya Kambo yako ndani

Ko. Ko. Ko.

Wakuu, asubuhi ile nilisikia hiyo kabla sijafungua hata jicho moja. Fimbo inagonga ukuta wa chumba cha Kambo, na ukuta wake ndio ukuta wangu.

Habari zenu nyote kutoka Lubumbashi, kwetu Katuba. Wanaonifahamu humu wanajua naandika riwaya, kwa hiyo mna haki ya kunishuku. Hii sijaitunga. Dada yangu ameisoma kabla sijaibandika, na sentensi alizozikataa nimezifuta.

Kambo ni babu yetu, baba yake mama. Kwetu babu ndiye kambo, msidhani ni baba wa kambo. Alizeeka kwenye kazi ya reli, familia yake ilishuka zamani kutoka kaskazini ya Katanga. Ni mtu wa kola iliyopigwa pasi na misa ya kwanza.

Na siku hiyo tulikuwa tunamtoa dada yangu, Bibiche.

Ndoa ilikuwa imeshapita kanisani. Kilichobaki ni wakwe kuja kumchukua nyumbani. Kwetu mtoto wa kike havuki mlango kabla mkubwa wa nyumba hajamwekea mkono kichwani, akamtajia majina ya mama waliomtangulia, mmoja mmoja, kwa Kiluba, wakwe wakiwa wamekaa wanasikia. Baba hatunaye tena. Mkubwa wa nyumba ni Kambo.

Sasa turudi kwenye fimbo.

Nilikwenda nikakuta mlango wake umefungwa kwa ndani. Mama alikuwa ameshafika, ameinama kwenye tundu la kitasa.

Kambo hakujibu kwa sauti. Alifungua pazia la dirisha, akatuonyesha gari uani, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Pazia likarudi.

Mama alielewa kabla yangu. Meno.

Wakuu, Kambo ana meno ya bandia, juu na chini. Tangu alipoyapata, hakuna aliyemwona mdomo mtupu isipokuwa bibi yetu. Bibi alipofariki, hakubaki hata mmoja. Bila meno haongei. Hata "ndiyo" hatamki.

Na kila jioni anakaa ndani ya gari lake anasikiliza redio. Macho hayamruhusu tena kuendesha, mimi ndiye dereva wake wa Jumapili, lakini kukaa anakaa. Hakai upande wa usukani. Anakaa upande wa pili, kiti cha bibi. Humo ndani peke yake anayatoa meno, anayafunga kwenye kitambaa, anapumzisha ufizi.

Jioni iliyotangulia aliwasha taa ya ndani atafute kitambaa, akaiacha inawaka. Akatoka, meno akayasahau humo, akabonyeza rimoti, milango ikajifunga. Redio ilishakunywa nusu ya betri, taa ikamaliza iliyobaki usiku kucha.

Nilibonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha mlangoni. Kimya. Nikasogeza uso kwenye kioo cha kuume, nikakiona kitambaa kile kwenye mfuko wa mlango. Kipo karibu kiasi cha kuhesabu maua yake.

Nikaingia mtandaoni, kama ninyi mngefanya. Nikajifunza jambo ambalo huenda wengi humu hamlijui: zile rimoti nene zisizo na ufunguo, ufunguo umo tumboni mwake. Kuna kishikizo kidogo pembeni, unakivuta, kinatoka kiufunguo chembamba cha chuma. Na pembeni ya kitasa cha mlango wa dereva kuna kifuniko cha plastiki. Ukikibandua taratibu, tundu liko nyuma yake.

Nilifurahi. Nikabandua kifuniko cha mlango wa dereva, upande wa kushoto.

Nyuma yake hakuna tundu. Plastiki tupu, laini, kama jicho lisilofunguka.

Hapo geti likagongwa. Wakwe.

Ni watu wa Kivu ya Kaskazini, wafanyabiashara wa jumla, wenye malori. Watu wema, lakini ndiyo mara yao ya kwanza kuketi kwetu kama ndugu. Mama alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna mgeni wa kujua habari ya meno, wala ya gari. Yeye atawashikilia sebuleni.

Akawashikilia kwa soda. Kwetu tunaiita sucré. Chupa ya kwanza, ya pili, karanga, tena chupa. Kila walipomuuliza mzee, aliwajibu kwamba bado anavaa. Baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisema bila kucheka:

"Mama, basi mzee iko na nguo mingi sana."

Mimi uani nilifika mahali pa kushika tofali. Mama alichungulia jikoni akaniambia nivunje kioo tu, yaishe.

Ko. Ko.

Kambo alikuwa anasikia kupitia dirishani. Pigo moja kwake ni ndiyo, mawili ni hapana. Kioo kile ni cha upande wa bibi. Nikaweka tofali chini.

Ndipo Bibiche akatoka chumbani kwake, amevaa vikwembe vyake vyote, yaani vitenge vya harusi, nywele zimekamilika, akiwa hajui lolote. Nilimweleza. Sikutegemea acheke, na hakucheka. Alikwenda kwenye mlango wa Kambo, akakaa sakafuni na nguo zake zile, akaongea na ubao.

Aliyoyasema niliyasikia, nilikuwa nyuma yake.

"Kambo, ni miye. Kama hautoke, na miye siende. Bageni balale hapa, bakunywe sucré mpaka kesho." Akagonga ubao kwa kidole. "Fungula. Ongea na miye vile uko. Utaongea na nani sasa, kama si na miye?"

Muda ulipita. Kisha komeo likasogea, mlango ukafunguka kadiri ya mtu mwembamba kupita, ukafungwa tena.

Nilisikia sauti ya Kambo, wakuu. Maneno hayakuwa na kingo, yalikuwa yanateleza kama maji kwenye jiwe. Ila yalikuwa mengi. Na katikati nilisikia wanacheka, wote wawili.

Bibiche alipotoka, wanja ulikuwa umemwagika kidogo chini ya jicho moja. Akaniambia, na kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa mtoto:

"Yaya, weye unatafuta ku mulango ya dereva. Motoka hii ilizaliwa volant iko kuume. Kambo anasema volant njo ilihama. Milango haikuhama."

Ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, hapa niwaeleze, maana ninyi hamwezi kulikosea jambo hili. Congo tunaendesha kulia kwa barabara, kwa hiyo usukani, ndiyo hiyo volant, unatakiwa ukae kushoto. Magari mengi kwetu yanatoka Japani kupitia Zambia, usukani uko kuume. Kambo alilipitisha la kwake mpakani Mokambo, akalipeleka kwa mafundi wakauhamisha usukani na pedali. Mlango wa dereva, yaani mlango uliozaliwa wa dereva, ukabaki kuume na tundu lake. Ukawa mlango wa bibi.

Nilizunguka. Nikabandua kifuniko cha kuume. Tundu likanitazama.

Kiufunguo kiliingia lakini hakikuzunguka, ni miaka tundu halijatumika. Msikilazimishe, ni chembamba, kitavunjikia humo. Nilikwangua risasi ya penseli juu yake, nikakiingiza na kukitoa mara kadhaa, nikazungusha kwa vidole viwili tu.

Tak.

Kitambaa nilikibeba kwa mikono miwili mpaka dirishani. Mkono wa Kambo ukatoka, ukakipokea, ukaingia.

Alipotokea sebuleni, wakwe wote walisimama. Akaweka mkono kwenye kichwa cha Bibiche na kuanza majina, kila jina na kingo zake, mama wa mama wa mama, mpaka kwa wale ambao hata Mama yetu hajawahi kuwaona. Lakini jina la bibi alilipita. Tangu mazishi hajalitamka. Mama alitazama chini, na hakuna aliyemkumbusha.

Siri ya gari haikudumu. Baba mkubwa alinifuata uani nikiwa nimeinamia boneti, ambayo nayo mkono wake wa kuivuta uko kuume.

"Shemeji, sisi ni batu ya malori. Betri inatufia kila wakati. Mulikuwa munatuficha nini?"

Akaleta kebo zake. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini yetu, mbali na betri. Gari likaamka, na Kambo akasema kwamba Bibiche atakwenda kwa mumewe, huko Annexe, pembezoni mwa mji, kwa gari la nyumbani kwao.

Wakuu, somo langu ni dogo. Kitafuteni kile kiufunguo leo, gari likiwa zima, na mjue tundu lenu liko mlango gani. Mwenye gari yupo, muulizeni kabla ya mtandao, hata kama amejifungia. Na kama kwenu kuna mtu anayeona haya kuongea, hebu niambieni hapa chini nani anamfungulisha mlango, na kwa maneno gani. Nitasoma yote.

Nimalizie nilivyoona kutoka kwenye usukani.

Bibiche alipita mbele ya gari, akaja upande wa kuume, akakaa kiti cha bibi. Kambo alikuja naye mpaka hapo, akakusanya pindo la kikwembe lililoning'inia nje, akaliweka juu ya magoti yake. Bibiche ni jina la nyumbani tu. Jina lake la ukoo alilirithi kwa bibi.

"Ngoie," Kambo akasema. "Uende muzuri."

Kisha akaufunga mlango, polepole, kwa mikono yote miwili.