Muhogo Tuliouacha kwa Shangazi

Iko siku moja huwa inanirudia, mwanangu, kila nikikuona unafungasha mfuko wa safari. Leo umenionyesha ulichobeba kwa kwenda kutembea na wenzako msituni kutwa nzima: biskuti, peremende na soda. Nimenyamaza ukadhani nimeridhika. Sikuridhika. Kaa hapa, viatu utavaa baadaye.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi msichana, nafanya kazi za nyumbani kwa watu Malindi. Kaka yangu Karisa alikuwa akisaidia jikoni katika hoteli ya watalii. Tukaletewa habari kwamba mama yetu kule Adu yu mahututi na anatuulizia. Asubuhi yake tukapanda basi, likatushusha njia panda, penye nyumba ya shangazi yetu Dama. Gari la kuingia ndani siku hiyo halikuwepo. Ikabaki miguu, na safari yenyewe ya mchana kutwa.

Shangazi hakupoteza wakati. Alifunga muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, akatia korosho za kuchoma na vipande vya nazi. "Chukueni, wanangu," akasema. "Hii itawafikisha."

Karisa akakitazama kile kifurushi kama mtu aliyepewa matambara. Kwetu huko mashambani, mtu akirudi kutoka mjini hutazamwa amebeba nini. Sukari, majani ya chai, mkate, halua, hiyo ndiyo heshima yake. Anayerudi na muhogo husemwa kwamba mji umemshinda.

"Asante, shangazi," akasema Karisa, "lakini tukionekana tunaingia Adu na muhogo, watu watatucheka. Halua tunayo."

Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea. Akanikata jicho, nikaurudisha. Yeye ndiye mkubwa.

"Halua ni ya kunywea kahawa, Karisa," akasema shangazi, "si ya kutembelea juani." Tukaondoka, kifurushi kikabaki mkononi mwake.

Halua ile ilikuwa ya mama. Karisa alimnunulia yeye huko Malindi. Jua lilipopanda na njaa ikatubana, Karisa akaifungua. Tulipokula tulijiona tumepata nguvu, naye akatangulia mbele anapiga mluzi. Nguvu zile hazikufika mbali. Kilichofuata ni kiu, ile ya ulimi kugandamana na kinywa, na maji yetu tukayamaliza kabla ya nusu ya njia. Tukala tena kwa kuwa hapakuwa na kingine, kiu ikazidi. Karisa akatapika, akajilaza kwenye kivuli cha kichaka.

"Tupumzike kidogo, Kadzo. Tutafika tu."

Nikamwambia aniache nitangulie. Akakataa, eti msichana hatembei peke yake nyikani. Basi nikakaa namtazama anavyokoroma, na nilimchukia, mwanangu, sikufichi. Alipoamka, jua lilikuwa limeshainama.

Tulisikia vilio kabla hatujaliona paa la nyumba. Mama alikata roho alasiri, wakati ule sisi tumekaa kichakani. Mama Kahindi, jirani aliyekuwa akimuuguza, akatushika mikono akatuingiza jikoni. Mekoni palikuwa na sufuria iliyofunikwa.

"Tangu asubuhi alikuwa akiniambia, wachemshie wanangu muhogo," akasema. "Wanakuja kwa miguu, watakuwa na njaa."

Karisa hakuweza kula. Mimi niliula wote huku nalia, kwa sababu hakuna kingine mama alichotuachia cha kupokea kutoka kwake siku ile.

Mpaka leo mjomba wako Karisa akija kunitembelea huja na halua. Naipokea, namtilia kahawa, akiondoka nawagawia majirani. Siku ile hatujaizungumza hata mara moja. Labda yeye amesahau. Mimi nimezeeka nayo na bado inanichoma.

Kwa hiyo toa hizo peremende. Safari ya miguu inataka chakula kinachokaa tumboni: muhogo, korosho, njugu, nazi kidogo, yai la kuchemsha, na maji zaidi ya unavyodhani yatakutosha. Utamu uache nyumbani, utaukuta ukirudi. Na mtu anayekupenda akikufungia chakula cha njiani, kipokee kwa mikono miwili, hata kama wenzako wamebeba vya dukani. Mimi niliurudisha mkono wangu kwa kuogopa jicho la kaka, na sikumuona mama.

Mungu akupe miguu mizima na akurudishe salama, na kila unayemwendea maishani umkute bado anakusubiri. Haya, nenda jikoni. Muhogo uko mekoni, nimeufunika. Ubebe ukiwa moto.