Stika ya 304

Pua ya Fridah Nabwile haikuwahi kumdanganya. Katika duka lake la maziwa mjini Bungoma, karibu na msikiti, yeye alifunua chombo, akanusa, na wateja wakanywa bila kuuliza. Biashara yake yote ilisimama juu ya pua hiyo. Ndiyo maana Bi Zulekha, mteja wake wa miaka mingi, alipotema maziwa lala, yale yaliyogandishwa, kwenye kitambaa na kusema, "Mama Ian, haya yana ladha ya misumari," Fridah alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa na mafua wiki nzima. Akatumbukiza mkono ndani ya tangi lake jipya, na kwenye mshono wa chini vidole vikarudi na utando wa kahawia. Watu walikuwa wamekunywa uchafu huu kutoka mkononi mwake!

Tangi alilinunua Kitale, kwa fundi mmoja aitwaye Wanjala. Lilibandikwa stika ya 304, ile stenlesi ya vyombo vya chakula. Wala Fridah hakununua kibubusa. Alikwenda na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, kama wafanyavyo wauza maziwa wengi wa huku. Ikinata, unaondoka. Ikikataa, unalipa. Siku ile sumaku iliteleza ikaanguka chini, naye akafungua mkoba huku akijiona mjanja.

Sasa alilirudisha tangi, maziwa yakiwa bado ndani.

"Si ulipima mwenyewe, Mama Ian?" Wanjala akacheka. "Hiyo ni 201, bana. Nikeli imepunguzwa, ikajazwa manganisi, ndiyo maana inashika kutu haraka. Sumaku hainati kwa 201, hainati kwa 304. Inanata kwa zile za mia nne, kama 430. Nyinyi mnakuja tu na sumaku."

"Na hii stika?"

"Stika nanunua karatasi nzima. Ati wateja wanapenda 304."

Hakuona haya hata kidogo. Akamwagiza mkewe alete chai, kana kwamba mgeni alikuja kusalimia. Mke akaja na kikombe cha chai na mkebe wa maziwa, wa zamani, umebonyea ubavuni, lakini ndani unang'aa bila doa. Namba ilikuwa imegongwa kwenye chuma chenyewe: 304.

"Huo ni wa kiwandani," Wanjala akasema kwa majivuno. "Ni wa watoto wangu."

Wa watoto wake! Kutu Fridah alikuwa ameizoea tayari. Mtu huyu ndiye aliyemtia kinyaa. Fridah akaweka kikombe chini, akafungua bomba la tangi, maziwa ya kahawia yakamwagika sakafuni, yananuka.

"Mama! Unachafua duka!"

"Nachafua na nini? Si ni 304? Chota, wapelekee watoto."

Mke akainama na kitambaa apanguse. Wanjala akamdaka mkono.

"Wacha," akasema. "Usiguse hayo."