Mkate wa Wamormoni

Juzi huko mtaani Nyakabiga niliona vijana wawili wa Kimormoni wenye mashati meupe, nikakumbuka alasiri ile jirani yetu Mama Odeta aliponipeleka kanisani kwao nikiwa mtoto. Humo ndani mlinukia sabuni ya sakafu. Hapakuwa na ngoma wala kelele za kukemea pepo. Trei ya mkate ilipita mpaka kwa watoto. Nikachukua, kisha nikapewa kikombe kidogo cha maji. Kwetu Waprotestanti, asiyebatizwa haruhusiwi kula meza ya Bwana, nami nilikuwa bado kubatizwa. Akila, anajilia hukumu. Nilirudi nyumbani, nikajilaza mkekani nikingoja kufa.

"We, uko na malaria?" mama aliuliza.

"Apana. Mi nilikula meza ya Bwana kwa Wamormoni."

Akaacha kuchagua mchele. "Ulikunywa divai?"

"Maji."

"Maji!" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi we ulikunywa maji tu, mutoto wangu. Amuka, mboga ya lengalenga iko mu sufuria."

Nimezunguka makanisa mengi tangu hapo, nikajua kwamba kwao maji yale ni meza kamili, na mtoto naye hupewa. Siku ile nilijua tu kwamba sifi, nikala sahani mbili.