Sindano na Pikipiki Mbili za Kifua Wazi

Mtaa mzima ulimwita Sindano. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya pikipiki, na cherehani yake ilikaa kwenye kona ya karakana ya mumewe. Kwa kuwa hapakuwa na mshonaji mwingine wa viti karibu, alimshonea pia mdogo wake wa kiume, mwenye karakana ng'ambo ya barabara.

Hao wawili, mumewe na mdogo wake, walifanya kazi pamoja mpaka walipogombana juu ya taa. Mume alitaka taa ya mbele iwe ya duara. Shemeji mtu akasema taa ya duara ni ya kina babu. Neno likazaa neno, na siku ileile kijana akabeba spana zake akavuka barabara. Tangu hapo salamu zao zikawa za kutikisa kichwa tu.

Kisha akaja muuza miwani. Alitaka pikipiki ya kifua wazi, yaani ile isiyovalishwa maganda ya plastiki, injini na fremu vikiwa nje vinatazamana na watu. Yeye alizoea kumvalisha mtu fremu kumi za miwani kabla hajaridhika na uso wake, hivyo hakutaka kuchagua kwa maneno. Aliwaambia mafundi wote wawili kila mmoja atengeneze yake. Atakuja Jumamosi kuzitazama na kuchukua moja.

Viti vyote viwili vilipita mikononi mwa Sindano, kwa hiyo aliziona pikipiki zote mbili zikikua. Ya mumewe ilikuwa na mabega. Tangi lilijaa kama kifua cha mbeba mizigo, taa ya duara katikati, kiti kirefu kimelala, bomba la moshi limepita chini kwa adabu zake. Ya mdogo wake iliinama mbele kama inayotafuta ugomvi: taa nyembamba kama jicho lililokunjwa, tangi lenye kona kali, mkia umepanda juu kisha umekatwa ghafla. Hapakuonekana waya hata mmoja. Nyaya zote alizificha ndani ya fremu. Ukiitazama ubavuni, jicho lilitoka kwenye taa likafika mkiani bila kujikwaa popote.

Ilikuwa nzuri kuliko ya mumewe. Sindano alilijua hilo na akafunga mdomo.

Ijumaa asubuhi, wakinywa chai, mumewe akaweka kikombe chini.

"Umeiona ya ndugu yako. Ikoje?"

"Ni pikipiki."

"Nimekuuliza ikoje."

"Kunywa chai, inapoa," alisema, akajitwisha kiti cha pili na kuvuka barabara.

Mdogo wake alikuwa amelowa jasho, lakini uso umemng'aa. Sindano alipomaliza kufunga kiti, kijana akawasha injini. "Panda, dada. Sikiliza sauti."

Akapanda. Akakata usukani kushoto mpaka mwisho, na injini ikanguruma yenyewe, mkono wake haujagusa mafuta. Akarudisha usukani, ikatulia. Akakata tena, ikanguruma tena. Akazima injini, akainama kutazama. Waya wa mafuta, ule unaovutwa na mkono kuongeza mwendo, ulikuwa umebanwa ndani ya fremu, hauna nafasi ya kulegea. Usukani ukigeuka, unavutwa.

"Mdogo wangu, waya huu ni mfupi. Mtu akikata kona kali, pikipiki itamkimbiza."

"Shemeji kakutuma."

"Sikutumwa na mtu."

"Nikiweka mrefu utaning'inia mbele ya taa kama utumbo. Kesho anakuja kutazama, haendi safari. Nitaurekebisha baadaye."

"Baadaye ya lini?"

Kijana akashika kitambaa, akaanza kufuta tangi. Sindano alirudi kwenye cherehani yake, na siku hiyo mshono ulimwendea upande. Akimwambia mumewe, ni kumkabidhi rungu. Akinyamaza, huenda mtu akaumia. Alinyamaza, na usingizi ukampitia mbali.

Jumamosi watu walijaa. Muuza miwani aliizunguka ya mumewe polepole. "Ina uso wa mtu mwaminifu," alisema, na mume akachanua. Kisha wakavuka wote. Mbele ya ile ya pili mteja alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Sindano alimtazama mumewe akanywea kama turubai lililofunguliwa kamba.

"Nipe ufunguo," mteja alisema. "Niende hadi pale njia panda nigeuze, nirudi."

Malori yalikuwa yanapishana pale njia panda. Mdogo wake alimtazama dada yake, na bado akanyoosha mkono wenye ufunguo. Sindano akaudaka kabla haujafika kiganjani mwa mteja.

"Samahani, bwana. Kiti sijakikaza. Kosa ni langu. Tafadhali rudi saa kumi."

Mteja alishangaa, lakini akaondoka. Watu wakacheka chini chini.

"Umeniaibisha," mdogo wake alisema kwa sauti ya kubanwa.

"Nimejiaibisha mimi. Leta waya mrefu."

"Sina."

Mumewe alikuwa nao, umetundikwa ukutani. Sindano alipouomba, aliuliza ni wa nini, na sasa akaambiwa yote. Mume alikaa na spana mkononi.

"Na nikikataa?"

"Nitamwambia mteja mwenyewe. Ndugu yangu atanichukia, lakini atanichukia huku mteja yuko hai."

Mume aliutoa waya msumarini na kuupeleka mwenyewe. Kazi nzima maneno yao yalikuwa "shika hapa" na "legeza". Walipomaliza, waya mweusi ulijikunja mbele ya ile taa, na kijana akautazama kama doa kwenye shati la harusi.

Saa kumi mteja aliendesha zote mbili. "Waya huu haukuwepo asubuhi."

"Haukuwepo," kijana alikiri. "Ulikuwa umebana. Ungekuangusha."

Mteja alizizunguka zote mbili mara nyingine. Mwishowe akaichukua ileile ya kijana.

Jioni mume alifagia karakana, sehemu moja mara nyingi.

"Hata na ule waya, ni nzuri kuliko yangu?"

"Hata na ule waya."

"Yangu ina nini?"

"Tangi. Limevimba mno, taa inaonekana imezama."

Mume akauegemeza ufagio ukutani. Jumapili nzima ikapita kwa "nipe chumvi" na "funga mlango".

Jumatatu Sindano alikuta tangi limefunguliwa, liko juu ya meza, limechorwa kwa chaki. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo, mikono kiunoni.

"Shemeji," aliita, "ukilikata hapo utajuta."

"Basi njoo unioneshe," mumewe alisema bila kuinua kichwa.